Karani wa Maneno



Kila mwaka, mwisho wa masomo ukikaribia, huwaalika darasani kwangu watu wenye kazi mbalimbali, waje wawasimulie vijana habari za kazi zao. Amekwisha kuja mwuguzi wa hospitali, amekuja fundi wa kushona, amekuja na mama mmoja auzaye mafuta ya mawese sokoni, ambaye kwa kusema kweli aliwashinda wote kwa hesabu. Mwaka huu nilimwalika rafiki yangu niliyesoma naye katika seminari ndogo. Yeye ni mtu wa habari katika ofisi ya serikali ya mji mdogo mmoja, huku kwetu kati ya Kasongo na Kabambare. Jina lake silitaji, wala jina la mji wake, nanyi mtaona sababu huko mbele.

Alipoingia, wanafunzi walisimama, wakamwamkia, wakaketi. Hata kabla hajafungua kinywa, kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono: «Bwana, kazi ya mtoza ushuru twaijua, kazi ya polisi twaijua. Wewe wafanya nini hasa? Kusema tu?» Darasa zima likacheka. Mimi nikaona haya, maana swali lile lile nilikuwa nalo moyoni tangu miaka mingi.

Rafiki yangu hakukasirika. Akajibu: «Ndiyo, mwanangu, kusema tu. Jaribu siku moja uone.»

Kisha akaeleza. Asubuhi hufungua chumba chake, chenye meza moja na viti viwili: kimoja cha kukalia, na kimoja cha kuwekea karatasi, kwa kuwa kabati lililiwa na mchwa. Huandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, matangazo ya ofisi: siku ya kusafisha visima, ushuru wa soko, mtoto aliyepotea, mbuzi aliyeokotwa, daraja lililovunjika. Huyabandika ukutani chini ya baraza, mvua isiyafikie. Lakini ni wangapi wapitao pale, na kati yao ni wangapi wasomao? Kwa hiyo siku ya Ijumaa huenda kwa shehe kabla ya sala ya adhuhuri, na Jumapili huja kwa padri, ili matangazo yale yale yasomwe baada ya Komunyo. Ninyi wenyeji mwajua kwamba katika Kongo ni shida kupata mahali penye Waislamu wengi kama Kasongo na Kabambare. Nao ni ndugu zetu, tunaoana nao na tunazikana. «Shehe na padri,» akasema, «ndio magazeti yangu mawili.» Kukiwa na mafuta ya pikipiki huenda vijijini na kipaza sauti. Redio ya jamii nayo humsaidia, mradi jua limewaka vya kutosha juu ya zile bamba za umeme.

«Hiyo ni nusu ya kwanza,» akaendelea. «Jioni naanza nusu ya pili, ambayo haikuandikwa katika barua yangu ya kuajiriwa. Naketi kwa fundi wa baiskeli. Naketi karibu na kisima. Nasikiliza. Neno ninalolisikia kwa watu watatu wasiotembeleana naliandika katika daftari, na Jumatatu namsomea mkubwa wangu. Mara nyingine hufurahi. Mara nyingine huniuliza ni nani aliyesema, nami humjibu kwamba daftari langu halina majina.»

Hapo niliacha kuona haya, nikaanza kusikiliza kama wanafunzi.

Yafaa niwakumbushe wasomaji vijana kwamba kazi hii si ngeni katika nchi yetu, ila jina lake limebadilika mara nyingi. Wazee wetu walikuwa na ngoma ya mti uliochongwa uwazi ndani, ambayo mpigaji hodari aliweza kuisemesha, na kijiji cha pili kikasikia na kupeleka mbele. Ilipokuja Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, neno lilitoka upande mmoja tu: kodi, barabara, pamba. Mjumbe alifika, akasoma amri, akaondoka. Hakuulizwa swali, wala yeye hakuuliza. Baadaye, siku za chama cha MPR, kilichoanzishwa mwaka 1967, mtu wa habari aligeuka kuwa mtu wa kuwachezesha watu. Walimu na waganga waliacha kazi zao kwenda kuimba sifa za Rais na kupiga makofi. Wazazi wetu waliimba, maana asiyeimba alionekana. Chama hicho kilipoteza utawala wake wa peke yake tarehe 24 Aprili 1990, lakini mazoea hayakufa siku ile. Wako wakubwa hata leo ambao wakimwona mtu wa habari humwona mpiga makofi aliyesoma.

Lakini sheria zasema mengine. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 24, yasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 iliipa miji, komini, sekta na sheferi uwezo wa kujisimamia katika mambo yao wenyewe. Basi kama sekta ina haki ya kutoza ushuru kwa jina lake, mama anayelipa franka zake penye mlango wa soko ana haki ya kuambiwa zimekwenda wapi. Rafiki yangu aliyasema hayo bila kupaza sauti, kama mtu asomaye Katekisimu. Nadhani ameyasema mara nyingi mahali pasipokuwa na wasikilizaji wengi.

Binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza: «Lakini Bwana, neno la mtu mmoja katika mji mdogo kama huu wetu laweza kubadili nini?»

Mgeni wetu akaomba chaki. Akaandika ubaoni majina mawili: Bambarre na Nyangwe. «La kwanza ni Kabambare yenu,» akasema. «La pili mnalijua, liko ukingoni mwa Lualaba.» Akawasimulia habari za Mwingereza Livingstone. Mwaka 1870 mtu yule alilala Kabambare miezi mingi, miguu yake ikiwa na vidonda visivyopona. Barua alizowapa wasafiri wampelekee pwani, nyingi hazikufika. Karatasi zikamwishia, na wino pia. Akachukua gazeti kuukuu la London, akaandika katikati na juu ya maneno yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa matunda ya porini. Mwaka 1871 akafika Nyangwe. Tarehe 15 Julai, soko likiwa limejaa watu, na wengi wao wanawake, watu wa wafanya biashara wa utumwa walianza kuwapiga bunduki. Waliokimbilia mtoni walizama. Wafanya biashara wenyewe walikisia kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone hakuweza kumwokoa hata mmoja. Aliandika tu. Maandishi yake yalichukuliwa na Stanley, aliyekutana naye Ujiji mwaka ule ule, yakasomwa Uingereza, na watu wakaona uchungu. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwandishi mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tarehe 1 Mei.

Wanafunzi walikuwa kimya. Nilidhani atakomea hapo, maana ni mahali pazuri pa kukomea. Lakini akaongeza jambo ambalo mimi sikulijua. Mwaka 2011 wataalamu walimulika yale magazeti makuukuu kwa mianga ya namna ya pekee, wakaweza kusoma maneno yaliyokuwa yamefifia. Wakayalinganisha na kitabu alichonakili Livingstone baadaye kwa utulivu. Wakaona kwamba alipokuwa akinakili aliacha baadhi ya mambo, hasa mabaya ya watu wa msafara wake mwenyewe. «Hata yeye,» akasema rafiki yangu. «Karatasi ya kwanza ilisema zaidi kuliko ya pili. Mimi nikiandika tangazo, mkubwa akinirudishia nilinakili upya, namkumbuka mzee yule.»

Akapangusa ubao mwenyewe, jambo ambalo wageni hawalifanyi.

Kijana mwingine akauliza juu ya uvumi, kwa kuwa siku hizi kila mwenye simu ni mpiga mbiu. Jibu lilikuwa fupi, nami nalifupisha zaidi. Tarehe 11 Novemba 1961 Waitalia 13 walitua na ndege mbili uwanjani Kindu, huko huko mkoani kwetu Maniema, wakiwaletea chakula askari wa Malaya waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa. Walidhaniwa kuwa askari wa kukodiwa waliotoka Katanga. Wakauawa wote 13. Hakukuwa na mtu wa kusimama na kuaminiwa akisema: «Ngojeni, hawa ni akina nani?» Wako waliokuwa tayari kusema. Aliyekosekana ni wa kuaminiwa.

Sasa nifike kwenye hadithi ambayo rafiki yangu hakuisimulia darasani. Naisimulia mimi, kwa ruhusa yake, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa waliomkosea.

Mwajua hali ya njia zetu. Katika Kabambare watu wenye silaha wamesumbua miaka mingi. Mwaka 2019 hata kampuni ya dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, ilisimamisha kazi kwa sababu yao. Ikiwa njia imefungwa, chumvi inapanda bei, sabuni inapanda bei, mgonjwa hafiki hospitali. Basi juma moja, si miaka mingi iliyopita, habari zilienea mjini kwamba watu wameonekana njiani. Akina mama wa soko walikwenda ofisini kuuliza: je, twende au tusiende? Wakati ule ule mgeni mkubwa alitazamiwa kuja siku ya soko, na ofisi ilitaka akute soko limejaa. Mkubwa akamwita rafiki yangu, akamwambia: «Andika kwamba njia ni salama.»

Rafiki yangu akaketi, akaandika hivi: «Ofisi haijapata habari ya hakika juu ya njia. Itakapopata itatangaza.»

Mkubwa aliposoma aliruka kitini. «Serikali isiyojua! Umeona wapi serikali ikiandika kwamba haijui?» Rafiki yangu akamwuliza kama yeye mkubwa anajua. Hakujibiwa. Lakini siku ile saa zilikuwa zimekwenda, na shehe alikuwa akingoja karatasi yake, na karatasi iliyokuwa tayari ilikuwa ile. Ikasomwa msikitini Ijumaa, na kanisani Jumapili.

Basi akina mama wengi hawakusafiri, na soko likawa kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Mimi nilikuwa na safari ya kwenda Kasongo kuchukua mshahara wangu. Nikangoja siku tano. Mwenye duka alinifungia daftari la madeni mbele ya mtoto wangu, akasema hata sukari ya kikombe kimoja hanipi. Siku ya sita wakaja waendesha pikipiki kutoka huko, wote wazima, wakasema hawakuona kitu. Njia ilikuwa salama siku zote zile.

Basi watu wakampa jina rafiki yangu: Bwana Sijui. Watoto walimwita hivyo penye kisima. Nami nakiri hapa mbele yenu kwamba nilicheka pamoja na wanaocheka, tena nilimwambia usoni kwamba ameninyima mshahara kwa woga wake. Akanijibu: «Mwalimu, sikusema kuna hatari. Nilisema sijui. Mwanafunzi wako akiandika kwamba hajui jibu, unampa sifuri, ni haki yako. Lakini akidanganya jibu juu ya dawa, unampa nini?» Niliondoka bila kumwaga.

Akapelekwa katika chumba cha mafaili ya zamani, akakaa humo miezi minane na mende. Kipaza sauti akapewa kijana mmoja, ndugu wa mtu fulani, mwenye sauti nzuri na shati safi. Kwa kijana huyu kila kitu kilikuwa kizuri. Njia nzuri, visima vizuri, ushuru umetumika vizuri. Siku moja akatangaza kwamba vyandarua vya mbu vitagawanywa mjini Jumatano. Akina mama walitoka vijiji vya mbali, wengine walianza safari usiku, watoto mgongoni. Walipofika hawakukuta chandarua hata kimoja. Vilikuwa vimeahidiwa tu, na mtu aliyeahidi hakuwa na tarehe. Wakarudi jua kali. Hakuna aliyewaambia neno.

Baada ya miezi miwili wakaja watu wa chanjo. Hapa nanyi mnisikilize vizuri, kwa kuwa jambo la chanjo si mchezo kwetu. Mwaka 1981 madaktari waliofanya kazi Kasongo waliandika katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet habari za chanjo ya surua kwa watoto wa hapa hapa, na hivyo jina la mji wetu likajulikana mbali. Na mwaka 2017 ugonjwa wa polio ulionekana tena katika Maniema. Basi waganga walikaa chini ya mwembe na masanduku yao ya barafu tangu asubuhi. Kijana mwenye sauti nzuri alikuwa ametangaza siku tatu mfululizo. Kufika saa sita mchana watoto waliokuwa wameletwa walikuwa wachache hata ningeweza kuwahesabu kwa vidole. Mama mmoja jirani yangu nilimwuliza kwa nini haendi. Akasema: «Mwalimu, si yule yule wa vyandarua?»

Barafu iliyeyuka. Waganga walifunga masanduku.

Jioni ile mkubwa mwenyewe alikwenda kwenye chumba cha mafaili. Hakuomba radhi, wakubwa wetu hawakuzoea. Alisema tu kwamba meza ya zamani ingali pale. Rafiki yangu akarudi kwenye meza yake, akaandika tangazo la chanjo, na mwanzoni akatia sentensi hii: «Ofisi inawaomba radhi akina mama waliokuja bure siku ya vyandarua.» Mkubwa akaikata kwa kalamu nyekundu. Rafiki yangu akanakili upya, na sentensi ile ikiwamo. Mkubwa akaikata mara ya pili. Karatasi ilikaa mezani siku mbili. Siku ya tatu waganga walituma ujumbe kwamba dawa haiwezi kungoja zaidi, mkubwa akatia sahihi bila kusoma, au labda alisoma. Kila mtu na aamini apendavyo.

Mimi nilikuwapo Misa ya Jumapili ile. Padri aliposoma sentensi ya kwanza, akina mama waligeuka wakatazamana. Ofisi kuomba radhi! Bibi mmoja mbele yangu akasema «Ee!» kwa sauti iliyosikika hadi altareni. Jumatatu mstari chini ya mwembe ulifika barabarani. Si kwamba wote walikuja. Vijiji viwili havikuleta mtoto, na rafiki yangu alikwenda huko kwa baiskeli, mara ya kwanza, mara ya pili. Kimoja kikakubali. Cha pili bado.

Nirudi darasani. Swali la mwisho liliulizwa na yule kijana wa dawati la nyuma, naye aliuliza kwa adabu safari hii: «Bwana, wanakulipa nini?» Kweli ni kwamba miaka yote hii hajapata namba yake ya matrikule kutoka Kinshasa, naye ni kama makarani wengine wengi wa nchi yetu, kazini yumo, katika orodha ya mishahara hayumo. Hupata fungu dogo kutoka ushuru wa mji, mwezi ukiwa mzuri. Mke wake analima muhogo, na sombe ya nyumba ile naijua kwa kuwa nimeila mara nyingi. Aliwaambia wanafunzi hayo yote waziwazi. Nikamwona yule kijana akipiga hesabu usoni. Wenzake wawili, lakini, waliandika jina la kazi hii katika karatasi yangu ya «Ningependa kuwa nani», na mmoja ni yule binti wa mstari wa mbele.

Papa Pius XI mwaka 1923 aliwapa waandishi wa magazeti Mtakatifu Fransisko wa Sales awe msimamizi wao, yule aliyepenyeza karatasi chini ya milango ya watu waliokataa kumsikiliza. Na Papa Pius XII mwaka 1951 aliwapa watu wa simu na redio Malaika Mkuu Gabrieli. Nilimwuliza rafiki yangu kati ya hao wawili yeye ni wa nani, kwa kuwa anaandika na anapiga kipaza sauti. Akasema hana hakika, atauliza.

Jumapili iliyopita alinikuta nje ya kanisa kabla ya Misa, akanipa karatasi niisahihishe Kiswahili. Ilihusu njia. Ilisema: «Njia ni salama hadi jana jioni, kama walivyosema wasafiri wanne waliofika.» Nikamwambia, ndugu yangu, maneno ni mengi mno, tangazo lataka ufupi, andika «Njia ni salama» yatosha. Nikachukua kalamu nikate.

Akanishika mkono. «Mengine yote sahihisha,» akasema. «Hiyo niachie.»

Nikasahihisha koma mbili na neno moja lililokosa herufi, nikamrudishia, naye akaenda upesi kumtafuta padri, maana kengele ya pili ilikuwa imekwisha kulia.